Kila Nukta Ikae Mahali Pake: Kompyuta na Runinga ya Sebuleni

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Kinampanda aliniita jioni moja nikamwangalizie runinga. Alikuwa amerudi kutoka Singida mjini na kompyuta ya mezani, ile ya maofisini yenye sipiyu nyembamba inayolazwa, mtumba wa Ulaya, akaichomeka kwenye runinga yake ya inchi 43 ili familia itazame DVD ya harusi ya binti yake. Picha ilikuwapo. Lakini maandishi yalikuwa na ukungu, maharusi wamenenepa mashavu kuliko walivyokuwa siku ile, mstari wa chini wenye alama za programu umekatika nusu, na sauti hakuna.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hebu itazame mwenyewe, nadhani nimeuziwa TV mbovu."

Runinga ilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa nzima. Aliyekosea ni waya aliopewa dukani, ule wenye vichwa vya bluu, pamoja na setingi mbili tatu ambazo hakuna aliyemwambia zipo. Kompyuta ilikuwa inatuma picha yenye nukta 1024 kwa upana na 768 kwa kimo, umbo lile la TV za chogo. Kioo chake kina nukta 1920 kwa 1080. Runinga ikaivuta picha ijaze kioo, na ukiivuta picha ya mraba ikae kwenye kioo kipana, kila mtu ananenepa.

Tangu siku hiyo nimeingia sebule nyingi za Kinampanda na vijiji vya jirani, za walimu, za wenye maduka, za wakulima walioangukia bei nzuri ya alizeti au vitunguu, na karibu kila mahali nakuta hali ileile. Mtu amelipia kioo chenye nukta zaidi ya milioni mbili, kisha anatazama picha isiyofika nusu ya hizo. Kwa hiyo ushauri wangu wote katika makala hii unazunguka jambo moja: nukta inayotoka kwenye kompyuta ifike kwenye nukta yake ya kioo bila kuvutwa, bila kukatwa, bila kupakwa rangi upya njiani. Ukifanikisha hilo, na umeme wako ukawa salama, umemaliza.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wahangaike na kompyuta wakati runinga za kisasa zinaingia intaneti zenyewe. Nawajibu kwa hesabu ya bando. Netflix, kwa mfano, ikitazamwa kwa ubora wa HD hutumia hadi GB 3 kwa saa moja. Familia inayotazama saa mbili kila jioni kwa mtindo huo itahitaji bando ambalo wengi wetu hatuwezi kulilipa mwezi baada ya mwezi, na hata ukiwa na hela, mtandao wa jioni vijijini una mambo yake. Kompyuta inatunza. Diski ya TB 1 inabeba karibu filamu 500 zenye ukubwa wa GB 2 kila moja, na zote zinachezwa bila senti ya bando. Juu ya hapo inabeba video za harusi na kipaimara, nyimbo za kwaya, picha za simu, na vitabu vya shule ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka bure kwenye maktaba mtandao yake. Mtoto wa darasa la sita anayesomea hesabu kwenye kioo cha inchi 43, ndugu zake wamekaa naye, ni jambo nililoliona kwa macho yangu na ninaliombea kila nyumba.

Tuanze na waya. Geuza kompyuta uangalie mgongoni kabla hujaenda dukani. Tundu la bluu lenye vijitundu 15 ni VGA, na limekuwapo tangu 1987. Linapitisha picha kwa mawimbi ya zamani na halipitishi sauti. Likiwa ndilo pekee ulilonalo, utaishi nalo, lakini sauti utaitafutia njia yake. HDMI, iliyotoka mwishoni mwa 2002, inapitisha picha na sauti kwa pamoja kwenye waya mmoja. Hilo ndilo tundu lililo kwenye karibu kila runinga inayouzwa leo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Kompyuta nyingi za maofisini zinazokuja mtumba hazina HDMI kabisa. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambayo imezagaa kwenye maduka yetu, ina DisplayPort mbili na VGA moja. HP EliteDesk 800 G1 iko hivyohivyo. Muuzaji asiyejua anakuona unahangaika, anakupa waya wa VGA, basi. Angalia vizuri tundu la DisplayPort: linafanana na HDMI, ila kona moja tu ndiyo imekatwa, wakati HDMI imebanwa pande zote mbili kwa chini. Ukishalitambua, nunua waya wenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili. Ni wa bei ndogo, hauhitaji umeme wake, na unabeba sauti pia.

Waya huo una mwelekeo. Unatoka kwenye DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya runinga, hauendi kinyume chake. Na vichwa vingi vya DisplayPort vina ndoano mbili ndogo zinazoshika tundu, pamoja na kitufe juu yake cha kuziachia. Nimekuta tundu limeng'olewa kwenye bodi kwa sababu mtu alivuta kwa nguvu akidhani kimekwama tu. Bonyeza kwanza, kisha vuta.

Kuhusu bei ya waya wa HDMI, usitishike na ule uliopakwa dhahabu na kufungwa kwenye boksi la kifahari. Waya huu hubeba namba, na namba ama zinafika ama hazifiki. Kwa picha ya 1080 na urefu wa mita mbili, waya wa kawaida uliotengenezwa vizuri unatosha. Ukianza kushindwa, hautakupa rangi iliyofifia. Utaona vinukta vinavyometameta kama cheche, au kioo kuwa cheusi sekunde moja na kurudi. Hapo badilisha waya. Waya mrefu wa mita kumi na tano, uliofichwa ndani ya dari ili sebule ipendeze, ndio wenye matatizo mengi.

Na iwapo runinga yako ina tundu moja tu la HDMI, ambalo tayari limeshikwa na king'amuzi, omba dukani swichi ya HDMI, inayoingiza vifaa viwili na kutoa kimoja. Wauzaji huichanganya na kigawanyaji, ambacho kazi yake ni kuchukua kifaa kimoja na kukipeleka kwenye runinga mbili. Kwa macho vinafanana sana. Soma maandishi kwenye matundu: swichi ina "IN" mbili au zaidi na "OUT" moja.

Umeshachomeka, umechagua HDMI kwa rimoti, picha imekuja. Usikae kitako bado.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua "Second screen only" kama una monita nyingine au unatumia laptopu. Ukiacha picha ionekane kote kote, kompyuta hutafuta kipimo kinachokubalika na vioo vyote viwili, na mara nyingi runinga ndiyo inayoonewa. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye eneo tupu la kioo, ingia "Display settings", utafute 1920 kwa 1080 na uichague.

Tahadhari kwa wenye inchi 32. Nyingi kati ya runinga za ukubwa huo, hata zile zenye maandishi makubwa ya Full HD kwenye boksi, kioo chake halisi kina nukta 1366 kwa 768. Zinapokea picha ya 1080, ndiyo, halafu zinaibana ikae. Kwa filamu hutaona shida, lakini maandishi yanavurugika. Jaribu kuchagua 1366 kwa 768, au 1360 kwa 768, uone kama herufi zinakaa sawa. Wenye 4K watulie: kioo cha 3840 kwa 2160 kina nukta mara mbili kamili ya 1080 kwa upana na mara mbili kwa kimo, kwa hiyo nukta moja ya kompyuta inakaa kwenye nukta nne za kioo bila kubaki na vipande. Kompyuta yako ya mwaka 2012 ikishindwa kutoa 4K, huna hasara yoyote.

Zaidi ya hapo, kabla hujaitamani 4K, pima sebule yako kwa utepe. Jicho zima la binadamu, kwa kioo cha inchi 43 chenye 1080, linaacha kutenganisha nukta moja na nyingine ukikaa zaidi ya mita 1.7 hivi. Kwa inchi 55 ni kama mita 2.2. Makochi yetu mengi yako ukutani, mita tatu au zaidi kutoka kwenye runinga. Kutoka pale, nukta za ziada za 4K hazikufikii. Hela hiyo weka kwenye diski kubwa, au kwenye ethi ya nyumba, ambayo nitaieleza.

Turudi kwenye ule mstari uliokatika nusu. Runinga za chogo zilikuwa hazina ukubwa wa picha unaotulia. Umeme ukishuka, picha inanywea, ukipanda inatanuka. Watengenezaji wakaamua picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo, kingo zifichwe nyuma ya fremu, mtazamaji asione ukingo unaocheza. Tabia hiyo imerithiwa na runinga za leo ambazo haziihitaji hata kidogo. Zinachukua picha yako ya 1080, zinakata pembeni, zinavuta kilichobaki kijaze kioo. Umepoteza kingo, na pia ule mpangilio wa nukta kwa nukta umevunjika kioo kizima.

Dawa yake iko kwenye rimoti ya runinga, sehemu ya ukubwa wa picha, na kila kampuni imeipa jina lake. LG wanaiita Just Scan, Sony wanaiita Full Pixel, Sharp ni Dot by Dot, Samsung ni Screen Fit au Fit to Screen. Runinga za bei nafuu huandika 1:1 au PC. Kwenye baadhi ya runinga, ukilibadilisha jina la tundu la HDMI likawa PC, mambo yote hujirekebisha yenyewe, pamoja na ule uchakataji wa kuongeza makali na kung'arisha rangi ambao huwafanya watu waonekane wamepakwa mafuta.

Nakupa kipimo ninachokitumia kila nyumba. Fungua programu ya Paint, tengeneza picha yenye upana na kimo sawa na kioo chako, kuza sehemu ndogo, chora mistari ya wima yenye unene wa nukta moja, mmoja mweusi mmoja mweupe, kisha nakili ujaze eneo kubwa. Rudisha ukubwa wa asilimia 100, sogea hadi hatua moja kutoka kwenye runinga. Ukiona mistari myembamba, safi, kama meno ya kitana, nukta zimekaa mahali pake. Ukiona mawimbi ya kijivu yanayotembea kama kivuli cha wingu shambani, bado kuna mahali picha inavutwa. Rudi kwenye setingi. Mwalimu, tulipolifanya zoezi hili mara ya tatu na mawimbi yakatoweka, aliamka kwenye kochi akaja kugusa kioo kwa kidole.

Weusi pia unahitaji kuangaliwa. Kompyuta huhesabu mwanga kuanzia 0 hadi 255. Utaratibu wa video huanzia 16 hadi 235. Vifaa viwili visipokubaliana, ama usiku kwenye filamu unakuwa wa kijivu kama kuna vumbi hewani, ama nywele na suti nyeusi zinageuka bonge moja lisilo na mikunjo. Tafuta kwenye setingi za kadi ya picha neno "Full" na "Limited", na kwenye runinga "HDMI black level". Badilisha upande mmoja tu hadi mikunjo ya suti ya bwana harusi ionekane.

Jingine ambalo hakuna anayeligusa ni mapigo ya picha. Kompyuta ikiachwa huchagua 60 kwa sekunde. Video za harusi na DVD za hapa nchini hurekodiwa kwa picha 25 kwa sekunde, na 25 haigawi 60 sawasawa, kwa hiyo kamera inapozunguka taratibu kuonyesha wageni waliokaa chini ya turubai, picha inarukaruka. Weka 50, kila picha itaonyeshwa mara mbili kamili, na mzunguko utateleza. Filamu za Hollywood ni 24 kwa sekunde. Runinga yako ikikubali 24, ichague unapozitazama. Umeme wetu ni wa mapigo 50, na utaratibu wa picha 25 ulitokana na hilo tangu enzi za chogo.

Sasa niseme kuhusu umeme, na hapa naomba usiruke mistari.

Siku za mwanzo za kazi hii nilichomeka HDMI kwenye runinga ya mteja huku kompyuta na runinga vyote vimewaka. Niliona kicheche kidogo, na tundu lile halikufanya kazi tena. Nililipa. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na tangu nielewe sijaunguza tundu jingine.

Sipiyu ya mezani ina plagi ya miguu mitatu, na mguu ule mrefu ni wa ethi. Ndani ya pawasaplai kuna vichujio vinavyovujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye bati la kompyuta, na kazi ya ethi ni kuupeleka ardhini. Nyumba ikiwa haina ethi, au ukitumia adapta iliyouacha ule mguu wa tatu, au kijana amechomeka kwa kijiti ili tundu lifunguke, umeme huo hauna pa kwenda. Bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115 hivi. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndiyo maana unahisi kama sisimizi kwenye mkono na si pigo. Lakini runinga imeunganishwa na waya wa dishi, dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini, na unapochomeka HDMI unaupa ule umeme njia ya kupita. Vipande vilivyo ndani ya tundu la HDMI hufanya kazi kwa volti 5 na chini yake.

Chukua bisibisi ya testa, gusa bati la mgongoni mwa sipiyu ikiwa imewashwa. Taa ya testa ikiwaka, hata kwa kufifia, simama hapo hapo na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aikague ethi. Mara nyingi atakuta fito ya ethi ipo, ila waya umekatika kwa jembe au umeliwa na kutu. Na huku kwetu kuna la ziada. Singida ni kukavu; mvua zikikatika Mei hazionekani tena hadi Novemba au Desemba, na udongo uliokauka haupitishi umeme vizuri. Ethi iliyopimwa ikawa nzuri mwezi wa pili inaweza kuwa dhaifu mwezi wa tisa. Mafundi wa zamani huzungushia fito mkaa na chumvi, na wenye nyumba humwagia maji pale mara kwa mara wakati wa kiangazi. Ni desturi yenye maana kamili, ifuateni.

Baada ya hapo, mazoea mawili. Zima vyote na chomoa plagi kabla ya kugusa waya wowote wa HDMI au wa dishi. Kisha chomeka kompyuta, runinga, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja yenye ethi, ili vyote viwe na ardhi moja. Mawingu ya radi yakijikusanya, chomoa plagi, na pia fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Radi ikiingia kwa dishi itapita king'amuzi, itaingia runinga kwa HDMI, itatoka kwa HDMI nyingine hadi kwenye kompyuta, na plagi ya ukutani uliyoichomoa haitazuia kitu.

Kukatika kwa umeme ni habari nyingine. Hatari kubwa iko pale umeme unaporudi na kupepesa mara tatu nne kabla ya kutulia. Kifaa cha kulinda runinga, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa na kompyuta pia, isipokuwa hakitaokoa diski inayozunguka iliyokatiwa umeme katikati ya kuandika. UPS ndogo hukupa dakika za kuzima kwa utaratibu. Kama hela haitoshi, weka Windows au Linux kwenye SSD ndogo, na filamu zibaki kwenye diski kubwa; hasara itapungua.

Kwa wanaohofia Luku: kompyuta ndogo ya ofisini ikicheza filamu hutumia takriban wati 40. Saa tano kila siku kwa siku 30 ni yuniti 6. Sipiyu kubwa yenye kadi ya picha inayofika wati 100 itakula yuniti 15 kwa muda huohuo. Kwa nyumba inayojitahidi isivuke yuniti 75 kwa mwezi ili ibaki kwenye bei ya wateja wadogo, tofauti hiyo si ya kupuuza. Nunua ndogo.

Sauti nitaipitia haraka. Bonyeza alama ya spika pembeni chini, chagua jina la runinga yako, na sauti itatoka kwa HDMI. Ila spika za runinga nyembamba ni dhaifu, na nyumba nyingi tayari zina sabufa. Ichomeke kwenye tundu la kijani la kompyuta kwa waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe, au kwenye tundu la sauti la runinga ili king'amuzi nacho kipite hapo. Midomo ikitangulia au kuchelewa, kwenye VLC bonyeza J au K, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Rimoti ya runinga haitaiamuru kompyuta, kwani kompyuta nyingi hazina mawasiliano hayo kwenye HDMI. Weka programu ya Kodi, ni ya bure, na ile rimoti yake ya simu inayoitwa Kore. Washa hotspoti ya simu, kompyuta ijiunge, na amri zitapita bila kula bando. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na mashine za 2012 hazimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo kwa kompyuta ya filamu peke yake ninapendekeza Linux Mint.

Video zilizobanwa kwa mtindo wa H.265 ni nusu ya ukubwa wa zile za zamani, ila kompyuta za kabla ya 2015 hazina kipande maalumu cha kuzifungua na kichakataji hubeba mzigo wote. Kwenye i5 video ya 1080 itapita. Ya 4K itakwama. Na upepo wa kiangazi wa huku hujaza feni vumbi jekundu. Fungua sipiyu kila baada ya miezi michache, shika feni kwa kidole isizunguke, piga brashi.

DVD ya Mwalimu ilikuwa na lake. Baada ya picha kukaa sawa, ilifika katikati ikaganda. DVD zilizochomwa na wapiga video wa mitaani zina wino unaofifia kwa joto na mwanga, na ile ilikaa miaka juu ya kabati lililopigwa na jua la dirishani. Tuliifuta kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Bado ikaganda. Nikaenda nayo nyumbani nikajaribu kiendeshi kingine, maana jicho la leza la mashine moja husoma lililoshindwa kusomwa na nyingine, ikapita. Nikanakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye diski.

Picha ya DVD ni 720 kwa 576, na hakuna runinga itakayoigeuza kuwa HD. Tukaiacha kwenye umbo lake la asili, na mistari myeusi pembeni kushoto na kulia. Mashavu ya maharusi yakarudi. Kwenye mstari wa pili wa wageni alionekana mama mzazi wa Mwalimu, ambaye sasa ni marehemu, amejitanda kitenge, anapiga vigelegele. Mwalimu akaniomba nisimamishe hapo.

Nakala moja iko kwenye diski ya sebuleni. Ya pili iko kwa binti yake Dodoma.